Maoni ya Mlango wa Tisa

Mimi ni fundi wa viatu, na katika kazi hii majina hayana faida. Pale Kabiro, Kawangware, ninapokaa na sindano yangu, akina Baba Fulani ni wengi kuliko nzi, na karibu wote huvaa viatu vyeusi. Kwa hiyo mimi huandika mlango. Kiatu kikifika nakigeuza, nakiandika kwa chaki chini ya soli: geti la kijani, 4; ploti ya nyuma ya kanisa, 11. Vyumba vya kukodi huku kwetu viko kwa mstari na kila mlango umepakwa namba. Mtu anaweza kusahau namba ya simu yake lakini hasahau ya mlango wake. Kwa miaka yote ya kazi hii sijampotezea mteja kiatu hata kimoja, na nilikuwa najivunia jambo hilo.

Vitabu vilikuja kwa sababu ya makelele ya watu. Mteja akikaa kwenye benchi langu kungoja gundi ishike, baada ya dakika tano anaanza kunifundisha kazi. Atakuambia uzi uende hivi, msumari ugongwe vile, na yeye mwenyewe kamba za kiatu zinamshinda. Nikaona afadhali nimpe kitu cha kusoma anyamaze. Nikaleta vitabu vitano kutoka nyumbani kwangu Gatwekera, kule Kibera, na vikawa vinakaa kwenye kreti ya soda kando ya miguu yangu. Haukupita mwezi watu wakaanza kuomba kwenda navyo.

Nilikubali kwa sharti moja. Nyuma ya kila kitabu nilibandika karatasi za daftari, na anayerudisha kitabu lazima aandike maoni yake hapo, kisha aandike mlango wake. Maoni yalikuwa ya kunifurahisha mimi, na mlango ulikuwa wa kunisaidia kujua kitabu kimepitia wapi. Hakuna aliyeuliza swali, kwa kuwa wateja wangu walikuwa wamezoea kuandikwa mlango chini ya soli. Jioni nilikuwa nikibeba kitabu kimoja au viwili hadi Kibera, majirani wasome nao. Kule nyumba zetu za udongo na mabati hazina namba, kwa hiyo wao waliandika wanavyojua: nyumba ya pili baada ya choo, karibu na bomba lililokatwa.

Kitabu kilicholeta haya yote nilikipata mjini, kwa wale wanaotandaza vitabu vya zamani kando ya barabara. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na kampeni zilikuwa zimeshaanza kutupasua masikio. Kilihusu mtu anayegombea urais, ambaye kitabu kizima anaitwa Mgombea tu. Wiki mbili kabla ya kura, gari lake linamiminiwa risasi. Dereva anafariki, yeye anatoka na bandeji mkononi, na nchi nzima inamlilia. Mwanamke anayemwandikia hotuba anaanza kuchunguza, na polepole anagundua kwamba risasi zile zilitoka kwa watu wa Mgombea mwenyewe. Asichojua, wala msomaji hajui, ni kama Mgombea alikuwa na habari. Kitabu kinaisha asubuhi ya kutangazwa matokeo, kabla hayajatangazwa.

Nilikisoma kwa siku mbili na viatu vikanirundikia. Jambo moja lilinivutia sana: mwandishi hakumpa Mgombea kabila. Hakumpa jina wala kijiji, hata chakula anachokipenda hakukitaja. Niliona huo ni ustadi wa hali ya juu. Sikufikiria kwamba wasomaji wangu wangempa wenyewe, na kwamba kila mmoja angempa kabila la yule asiyempenda.

Wa kwanza kukirudisha alikuwa jirani yangu wa Soweto West, huko huko Kibera, anayetengeneza simu, mtu wa haraka asiyeweza kungoja hata chai ipoe.

"Fundi, hii story iko slow," aliniambia. "Page tisini na hakuna risasi hata moja. Alafu mwisho writer anahepa kabla results zitangazwe. Huyo ni mwoga."

Akayaandika hayo hayo nyuma ya kitabu. Chini yake mama mmoja mshika sadaka wa kanisa jirani akaandika kwamba ukurasa wa sitini na moja una matusi lakini kitabu kinafunza, na Mungu aiponye nchi hiyo popote ilipo. Kondakta mmoja akasema amelia dereva alipokufa na hajali mengine. Msusi wa nywele akasema yule mwandishi wa hotuba ni mjinga, mwanamke mwenye akili angeenda zake ng'ambo mapema. Nilicheka peke yangu hadi wapita njia wakanigeukia. Siku hizo nilikuwa na furaha ya mtu aliyeanzisha jambo na likamkubali.

Kisha kikachukuliwa na mzee mwenye ploti ya geti la kijani. Huyo ni mwenyeji kabisa. Alizaliwa pale wakati Kawangware ni mashamba, na babake alilima nduma mahali ambapo leo kuna vyumba ishirini na choo kimoja. Anavaa viatu vya rangi ya damu ya mzee ambavyo nimevibadilisha soli mara tatu, na ana mwandiko mzuri wa shule za zamani. Aliandika: "Uongo mtupu. Mtu hawezi kujipiga risasi ili aonewe huruma. Vitabu vya namna hii huchochea wapangaji."

Nilimuuliza wapangaji wameingiaje hapo, maana kitabu hakina mpangaji hata mmoja.

"Wee fundi," akasema, "wewe shona kiatu."

Aliyefuata alikuwa mpangaji wake mwenyewe, mwalimu wa watoto wa nasari, mama wa makamo aliyetoka magharibi ya nchi akiwa msichana. Alikuwa mpole, wa kuongea kwa sauti ya chini. Alikaa na kitabu wiki nzima. Aliporudisha alinipa na kwenda zake. Nikafungua nyuma nikakuta nusu ukurasa umejaa.

"Mgombea alijua," aliandika. "Alijua tangu ukurasa wa kwanza. Wanaompigia debe walijua. Wenye nyumba waliofungua mageti wakawapa vijana wake chai walijua pia. Huyu mzee anayesema ni uongo mtupu hataki kuamini kwa sababu akiamini itabidi akumbuke uchaguzi ule mwingine. Mimi nakumbuka. Hiki kitabu si hadithi. Geti la kijani, 9."

Niliyasoma mara nne. Yalikuwa maoni bora kuliko yote niliyowahi kuandikiwa, na nilivimba kichwa kama aliyeyaandika ni mimi. Nilimsomea kila aliyekaa kwenye benchi. Nilifanya sauti ya mzee, nikafanya sauti ya mwalimu, watu wakashika mbavu. Wengine walikichukua kitabu kwa ajili ya kurasa zile za nyuma tu. Wakaanza kujibizana humo humo. Mmoja alichora mshale kuelekea maneno ya mwalimu akaandika "kweli kabisa", mwingine akaukata mshale akaandika "propaganda". Kampeni za nje zilikuwa zimehamia kwenye kitabu changu, na mimi nilikuwa nikizitazama na kutabasamu.

Asubuhi moja nikakuta chini ya maoni ya mwalimu maneno mawili kwa kalamu nyekundu: "Rudi kwenu." Hayakuwa na mlango.

Huyo ndiye msomaji wa kwanza aliyekataa kusema anakaa wapi. Kitabu kilikuwa kimekaa kwenye kreti siku nzima iliyotangulia, mtu yeyote angeweza kuandika huku nimeinamia kazi. Nilishika ile karatasi kwa vidole viwili, tayari kuing'oa, halafu nikaiacha. Nitasema ukweli: niliiacha kwa sababu niliipenda. Nilijiambia ni mlevi fulani tu, na maneno hayavunji mfupa.

Wiki hiyo mtaa ulianza kubadilika. Watu walikuwa wakisafirisha watoto ushago, vijijini kwao, kabla shule hazijafungwa. Mikokoteni ilipita na magodoro na meza, na ukiuliza wanahamia wapi unaambiwa "hapo tu". Vijana nisiowajua walikaa karibu na geti la kijani mchana kutwa, wakitafuna miraa yao bila kumsalimu mtu. Kule Kibera jirani yangu wa simu alininong'oneza niwe nikirudi nyumbani mapema. Aliyekuwa akicheka na kila mtu sasa alikuwa akichagua wa kucheka naye.

Katika siku hizo alikuja mteja mgeni. Alivaa viatu vya kahawia, ngozi halisi, vya mtu asiyekanyaga matope yetu. Alisema kisigino kimelegea. Nilikitikisa, hakikuwa kimelegea, lakini mteja akisema anaumwa wewe unampa dawa. Nilimpa patipati za kuvaa akingoja. Alikaa kwenye benchi, akainama, akachagua kitabu kile kile bila kuangalia vingine, akakifungua kwa nyuma. Alisoma taratibu. Ukurasa wa kwanza wa hadithi hakuugusa.

"Naeza enda na hii?" aliuliza. "Nitarudisha kesho nikikujia viatu."

Nilimuuliza mlango. Akacheka kidogo.

"Si uko na viatu zangu, fundi. Unaogopa nini?"

Akaondoka na patipati zangu na kitabu kwapani. Kesho yake hakuja. Wala siku ya tatu. Siku ya nne niliviangalia vile viatu vya bei, vimekaa kwenye rafu vimepakwa rangi, na nikaelewa. Mtu haachi viatu kama vile kwa ajili ya kitabu kilichochanika mgongo. Angeweza kupiga picha kwa simu, nadhani hakutaka nione. Alichotaka ni zile karatasi za nyuma, na mimi ndiye niliyezibandika. Nilikuwa nimewakusanya watu, nikawauliza wako upande gani, kisha nikawaambia waandike wanalala wapi.

Jumapili alasiri nilizunguka. Nilikumbuka milango yote ya Kabiro iliyokuwa mle, maana kukumbuka milango ndiyo kazi yangu. Kondakta alinicheka usoni. Msusi alikuwa ameshahama. Mama wa kanisa aliniambia tuombe, tukaomba. Kule Kibera sikuwa na hofu sana, kwa sababu hata mimi mwenyewe nikiambiwa nitafute nyumba ya pili baada ya choo nitauliza choo gani.

Mzee mwenye ploti nilimkuta akimwagilia sukuma wiki zake kwenye ndoo. Nilimweleza, nikamtazama machoni. Ndiyo, nilimshuku. Nani mwingine alikuwa ametajwa vibaya mle?

"Unadhani ni mimi," akasema, akaweka kopo chini. "Mimi nikitaka mtu atoke kwa nyumba yangu namwambia toka. Sihitaji kitabu."

Sikumwamini. Nilimwacha na ndoo zake nikaenda mlango wa tisa.

Mwalimu alikuwa akisahihisha vitabu vya watoto, kalamu mkononi. Nilipomaliza kueleza akauliza, "Niliandika mlango?"

"Uliandika, ticha."

"Mimi kila siku naambia watoto, andika jina na class kwa karatasi. Mkono umezoea tu." Akafunika kalamu. "Na wewe uliona hiyo namba ikikaa hapo na ukaacha watu wasome?"

"Niliacha."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa tamu," nilisema.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniuliza kama kule kwangu kuna chumba. Gatwekera hapakosi chumba kwa mtu asiyechagua, na baada ya siku mbili nilikuwa nimempatia kimoja, mlango wake ukitazamana na ukuta. Nilisukuma mkokoteni mwenyewe kutoka Kawangware hadi Kibera, kitanda, jiko, sanduku la vitabu vya watoto, yeye akitembea nyuma akishika ndoo. Alikuwa ameacha darasa lake wiki moja kabla ya shule kufungwa, na njiani hilo ndilo alilolilalamikia, si jingine. Nilipomfikisha nilihisi nimetua mzigo. Nilijiambia nimeharibu na nimetengeneza, basi.

Chumba cha Kabiro hakikai wazi. Siku ya tatu tu mlango wa tisa ulikuwa na mpangaji mwingine, mwanamume anayeuza mayai ya kuchemsha, ana mke na mtoto mchanga. Alitoka upande wa kwao mzee na walisalimiana kwa lugha yao. Mzee aliniambia mwenyewe, akivaa viatu vyake kwenye benchi langu, "Huyu hatakuwa na shida. Huyu ni wa hapa."

Muuza mayai aliniletea raba iliyopasuka ubavuni siku moja kabla ya kura. Mtu mchangamfu, alinipa yai na chumvi kwenye karatasi. Nilimuuliza anakaa wapi, akaniambia. Niligeuza raba nikaandika chini yake: geti la kijani, 9.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa mafupi: kuna watu wanautafuta mlango huo, ndugu yangu, si wewe, lakini mlango ni huo. Nilifungua mdomo. Kisha nikafikiri, huyu ni wa kwao, watamgusaje? Nikafikiri pia kwamba nikimwambia nitalazimika kumweleza kitabu, na karatasi, na ni nani aliyezibandika. Nikamwambia yai ni tamu, nikapaka gundi.

Kura ilipita kimya. Matokeo yalitangazwa siku kadhaa baadaye, mchana kweupe. Mimi nilikuwa Gatwekera nimefunga mlango kama kila mtu, tukisikiliza kelele zikianza mbali, za furaha au za hasira, ukiwa ndani huwezi kuzitofautisha. Mwalimu alikuwa hatua thelathini kutoka kwangu, salama. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Niliporudi Kabiro baada ya siku nne niliambiwa. Siku ile ya matokeo, saa tisa mchana, wanaume sita waliingia geti la kijani. Hawakuuliza jina la mtu. Walifuata namba za milango kwa kidole hadi ya tisa, wakauliza mwalimu yuko wapi. Muuza mayai aliwaambia hapa hakuna mwalimu. Wakasema anamficha. Aliwasemesha kwa lugha ya mzee, wakamwambia hata wao wanaijua hiyo lugha, awaambie mwalimu yuko wapi. Alikuwa hajui kitu cha kuwaambia. Walimvunja mkono wa kulia mahali pawili, na mguu, wakaondoka. Aliyembeba mgongoni hadi barabarani, kwenye gari la kwenda hospitali, ni mzee mwenye ploti. Mzee wa umri ule.

Nilienda kumwona muuza mayai alipotolewa hospitali. Amelala kwenye godoro chini, mguu umefungwa plasta hadi pajani, mkewe ananyonyesha pembeni. Mzee alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na kichwa chake. Tulipeana salamu. Mzee hakuniangalia.

"Fundi," muuza mayai akasema, "wewe hukaa hapo nje kila siku. Hao watu walikuwa wanatafuta nani kwangu? Mimi nimeuliza kila mtu. Nikijua tu ni nini nilifanya, nitatulia."

Mkewe aliacha kubembeleza mtoto, akanitazama. Mzee sasa alikuwa ameinua uso na yeye ananitazama, anangoja. Alijua. Alikuwa ameniachia mimi niseme.

"Sijui," nikasema.

Muuza mayai akatikisa kichwa polepole kwenye mto. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akanishika wangu.

"Sawa," akasema. "Asante umekuja, fundi. Wengine wameogopa hii nyumba."